Rivebu na dilei kwa sauti ya pop ya miaka ya 80: mwongozo kamili kwa studio ya geto

Machalii wananitumia nyimbo WhatsApp, wengi wa hapa Arusha na wengine Moshi, na swali linajirudia lile lile: kaka nimeweka rivebu ya kutosha, mbona haijatoka ile sauti ya kizamani, imetoka kama nimeimbia ndani ya tenki la maji. Nafungua projekti nakuta rivebu, yaani ule mlio wa chumba unaobaki sauti ikiisha, kwenye voko (sauti ya mwimbaji), nyingine kwenye snea (ile ngoma kali inayojibu kiki), nyingine kwenye kinanda, nyingine kwenye besi, kila moja na priseti yake (mipangilio iliyokuja tayari) na ukubwa wake, halafu kwenye masta, traki ya mwisho zinapokutana zote, ipo nyingine ya kumalizia. Wimbo mmoja umekaa vyumba vitano kwa wakati mmoja, sikio halijui liko wapi, linachoka.

Ile sauti haikupatikana kwa wingi wa rivebu. Plati, yaani mashine ya rivebu, iliyotumika sana kwenye studio kubwa za Ulaya na Marekani, EMT 140, ilikuwa bamba la chuma ndani ya boksi lenye uzito wa kilo 270 hivi, sasa nani angekuwa nazo kumi? Studio inakuwa na chache tu, mwimbaji na vyombo wote wanapelekwa humo humo, kila mmoja kwa kipimo chake, ndiyo maana ukisikiliza unaona watu wote wako sehemu moja. Tukifuata huo utaratibu, hata kwa plagini za bure (programu ndogo za kuongeza ndani ya ile ya kurekodia), sehemu kubwa ya kazi imeisha.

Naongelea pop ile ya snea nene, kinanda kinachong'aa na voko inayoacha mkia. Zilipendwa za bendi zetu zina ladha yake na mpangilio wake, hazimo humu.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta na programu ya kurekodia. Nitaeleza kwa FL Studio kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye mageto, ila hata kama una Cubase au Reaper kanuni hazibadiliki.
- Rivebu mbili, moja ya plati na moja ya ukumbi mkubwa. Fruity Reeverb 2 inayokuja na FL inatosha kuanzia. Ukiwa na bando, TAL-Reverb-4 ni ya bure na imetengenezwa kwa ladha hiyo hiyo ya plati ya miaka ya 80, na Valhalla Supermassive nayo ni bure kwa ukumbi mkubwa. Chukua kwenye tovuti za wenyewe, zile za kupeana kwenye flashi zinakuja na virusi na zitakuangushia projekti katikati ya kazi.
- Dilei (plagini ya mwangwi unaorudia sauti) yenye filta (ya kukata masafa) ndani yake. Fruity Delay 3 inafaa.
- EQ (ya kupandisha na kukata masafa) na kompresa (ya kubana sauti kubwa na ndogo zikaribiane), zozote ulizozoea.
- Hedifoni, halafu kitu cha pili cha kusikilizia: sabufa ya sebuleni, spika ya bluetooth, hata simu.
- Wimbo mmoja wa kulinganishia, wenye ile sauti unayoitaka. Uingize kwenye traki yake ndani ya projekti na ushushe mpaka ulingane sauti na wa kwako. Usipoushusha utakudanganya, sikio linapenda chochote kilicho juu zaidi.
- Tempo ya wimbo iwe imeshaamuliwa. Hii ni lazima, hesabu zote za chini zinaanzia hapo.

## Hesabu ya kuandika ukutani

Gawanya 60,000 kwa tempo, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wetu wa mfano uko BPM 112 (mapigo 112 kwa dakika), kwa hiyo pigo moja ni milisekunde 536. Nusu yake ni 268, robo yake 134. Robo tatu ya pigo, ile inayodunda kidogo pembeni ya biti, ni 402. Baa nzima ya mapigo manne ni 2,143.

Kwenye FL stepu moja ya kawaida ni robo ya pigo, kwa hiyo stepu 1 ni 134, stepu 2 ni 268, stepu 3 ni 402. Ukiwa BPM 100 pigo linakuwa 600, ukiwa 120 linakuwa 500, nyingine piga mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu. Andika namba zako sehemu unayoiona maana utazirudia mpaka mwisho.

## Hatua ya 1: Rekodi voko kavu

Rivebu ya plagini unaiongeza na kuipunguza utakavyo, rivebu ya chumba ikishaingia kwenye maiki haitoki. Hapa ndipo wengi wanapopotea kabla hata hawajafungua miksa.

Mageto yetu ni tofali za saruji, sakafu ya taili au saruji tupu, dirisha la vioo. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia kamlio kembamba kanafuata nyuma ya kofi, hako kataingia kwenye kila neno utakaloimba, halafu ukija kuweka plati juu yake unapata vyumba viwili vinagombana.

Dawa ni vitu vizito na laini. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, sio nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inaangalia mdomo na kile kilichoko nyuma ya mwimbaji. Ning'iniza mablanketi pembeni, yale mazito unayojifunika mwezi wa saba baridi ya Arusha ikichachamaa. Shuka ya kimasai usiitegemee, ni nyepesi, haimezi kitu. Kwa walioko Moshi, pitia mitumba ya Memorial utafute maduveti na mapazia mazito, hata yaliyochakaa yanafanya kazi sawa na mapya.

Mdomo ukae shibiri moja kutoka kwenye maiki. Mvua ikianza kwenye bati, acha, subiri ikate, usijipe moyo kwamba utaitoa na EQ.

Umefanikiwa kama: ukisikiliza voko peke yake inakera kwa ukavu, unasikia pumzi na mate, na neno likiisha limeisha.

## Hatua ya 2: Safisha projekti

Hifadhi projekti kwa jina jipya, umeme wetu mnaujua, na uwe na tabia ya kuhifadhi kila baada ya hatua. Halafu toa rivebu na dilei zote zilizokaa moja kwa moja kwenye traki. Zote, hata ile unayoipenda.

Kisha ingia ndani ya vinanda vyenyewe. Watu wanasahau kwamba priseti nyingi za FLEX na Sytrus zinakuja na rivebu na dilei zake humo ndani, zimewekwa ili priseti isikike tamu unapoijaribu peke yake. Zizime. Wimbo utasikika mdogo na mkavu, na utapata hamu ya kuzirudisha, vumilia.

Umefanikiwa kama: ukisimamisha wimbo katikati unanyamaza hapo hapo, hakuna mkia wowote.

## Hatua ya 3: Fungua sendi nne

Sendi ni traki ya pembeni yenye rivebu au dilei, vyombo vinatumwa humo kila kimoja kwa kipimo chake. Kwenye miksa chagua traki nne zilizo wazi uzipe majina: PLATI, UKUMBI, SLAPU, DILEI. Kila moja weka plagini yake. Kwenye kila plagini nobu iliyoandikwa Dry ishushe mpaka sifuri, Wet ibaki juu; kama ina nobu moja tu ya Mix, kama Supermassive, ipandishe mpaka asilimia 100. Sababu ni kwamba voko kavu tayari inaenda masta kwa njia yake, ukiacha na huku ipite kavu unakuwa nayo mara mbili, sauti inapanda bila mpango na ukiligusa lolote mizani yote inahama.

Kuunganisha: bonyeza traki ya voko, kisha bonyeza kamshale kaliko chini ya traki ya PLATI, katatokea kanobu ka kiwango. Kanobu hako ndiyo usukani wako. Unashusha mpaka chini kabisa halafu unapandisha taratibu unaposikiliza.

Faida ya pili ya sendi ni kompyuta. Rivebu kumi na mbili zinaisimamisha laptop ya RAM 4, rivebu mbili hazina neno.

Onyo: baada ya rivebu weka EQ kwenye kila sendi, na ukate chini ya Hz 200 kabla hujaanza kitu kingine. Matope mengi ninayoyasikia kwenye nyimbo za watu yanatoka kwenye besi ya rivebu, sio kwenye besi yenyewe.

## Hatua ya 4: Anza na slapu

Wengi wanakimbilia plati. Anza na slapu, yaani mwangwi mmoja mfupi unaofuata neno na kuisha, maana huo ndio unaoipa voko mwili wa kizamani na plati itahitajika kidogo sana baadaye.

Zamani walikuwa wanaipata kwenye mashine ya mkanda. Kichwa cha kurekodi kiko hapa, cha kusomea kiko mbele kidogo, kwa hiyo sauti inasomwa imechelewa. Mkanda ukikimbia inchi 15 kwa sekunde na vichwa vikiachana inchi 2, kuchelewa ni milisekunde 133. Angalia namba yetu ya stepu moja kwenye BPM 112: 134. Kwa hiyo kwa wimbo huu weka stepu 1 na umemaliza. Kwa tempo nyingine ruhusu popote kati ya 90 na 150, hata isipogawanyika sawa na biti haidhuru, slapu ni fupi kiasi kwamba sikio halihesabu.

Mipangilio: fidibeki sifuri ili mwangwi uwe mmoja tu, mono (sauti moja isiyogawanyika kushoto na kulia) na katikati, filta ikate juu ya Hz 4,000 hadi 5,000. Kukata huku juu usikuruke. Mwangwi wa mkanda ulikuwa umefifia kuliko sauti ya kwanza, na ukiuacha wako ung'ae sawasawa na voko unasikika kama watu wawili wanaokosa kuanza pamoja, na herufi zote za s na ch zinatoka mara mbili.

Sasa pandisha kanobu ka sendi mpaka uusikie mwangwi waziwazi, halafu urudishe chini mpaka usiusikie tena kama mwangwi. Hapo ndipo pake.

Umefanikiwa kama: ikiwepo huioni, ukiizima voko inarudi nyuma na kukonda.

## Hatua ya 5: Plati, na hapa usiharakishe

Plati ina vitu vinne vya kugusa, navyo vinategemeana.

Pridilei. Ni muda kabla rivebu haijaanza. Ukiiacha sifuri, rivebu inaanza pamoja na neno, inalifunika, na mwimbaji anarudi nyuma ya ukumbi. Ukiipa muda kidogo neno linatoka kavu na safi mbele, halafu mkia unakuja. Kwa BPM 112 jaribu 67, ambayo ni nusu ya stepu, kwa maneno ya haraka shuka hadi 34. Rap ya kubana maneno, ile ya machalii wa Chuga (Arusha), haipendi pridilei ndefu kwa sababu mkia wa neno la kwanza unaangukia juu ya la pili.

Dikei. Ni urefu wa mkia. Anzia sekunde 1.8 hadi 2.2 kwa pop ya mwendo wa kati. Hesabu inayonisaidia ni hii: pridilei ukijumlisha na dikei isizidi sana baa moja. Baa yetu ni 2,143, toa 67, inabaki 2,076, kwa hiyo sekunde 2.0 ni pazuri pa kuanzia. Mkia unaisha pale baa mpya inapoanza na wimbo unapumua. Ukizidisha mpaka sekunde 4 mkia wa mstari wa kwanza unaingia kwenye wa pili, na kama kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zimebadilika noti za zamani zinapigana na mpya.

Filta. Hii ndiyo inayotenganisha rivebu ya leo na ya zamani kuliko kitu kingine chochote. Wahandisi wa studio ya Abbey Road, London, walikuwa wanakata chini ya Hz 600 na juu ya Hz 10,000 kabla sauti haijaingia kwenye rivebu. Weka EQ kabla ya rivebu kwenye sendi ya PLATI na ufanye hivyo hivyo. Kwa ladha ya miaka ya 80 mimi nashuka zaidi huku juu, mpaka 7,000, maana rivebu za dijiti za kwanza hazikubeba masafa ya juu kama hizi za leo. Utaona 600 ni nyingi ukisikiliza sendi peke yake, inatoka nyembamba kama redio ndogo, ila rudisha wimbo mzima uone jinsi voko inavyobaki na kifua chake huku mkia ukielea juu.

Modulesheni. Kama plagini inayo, ipe kidogo. Mkia unakuwa na kamtikisiko, hautulii kabisa, na hiyo ni sehemu kubwa ya utamu wa mashine za zamani. Ikizidi piano itasikika haijapatanishwa.

Kuna tatizo moja nataka mlitegee sikio kwa sababu liko sana kwenye voko za Kiswahili: s, z, sh na ch. Chukua mstari wenye "mapenzi yasiyoisha", sikiliza sendi ya PLATI peke yake, utasikia z na s na sh zinarushwa ukutani na kurudi kila moja ikiwa na "tssss" yake. Kwenye voko kavu hazikusumbui, kwenye rivebu zinachoma. Weka diesa (plagini inayobana s na z zinazochoma) kabla ya rivebu ndani ya sendi, iguse Hz 5,000 hadi 8,000, tena ikaze kwa nguvu kuliko ambavyo ungethubutu kwenye voko yenyewe, hakuna atakayegundua maana ni mkia tu unaoguswa.

Upande wa pili tuna bahati. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo kila mwisho wa mstari rivebu inapokea a au e au i iliyo wazi, sio herufi ya kugonga. Ndiyo maana plati ikikaa vizuri kwenye Kiswahili mkia wenyewe unaimba. Mwambie mwimbaji asikate irabu ya mwisho haraka wakati wa kurekodi, aiache ishuke taratibu, plati ifanye iliyobaki.

Kiwango: pandisha mpaka uipende, halafu toa desibeli 3. Sikio lililosikiliza rivebu kwa muda linaizoea na kudai zaidi.

Umefanikiwa kama: kila neno linaeleweka, na mkia unausikia tu pale mwimbaji anaponyamaza.

## Hatua ya 6: Dilei ya tempo

Hii ndiyo ile inayorudia neno la mwisho wa mstari na kulizungusha kushoto na kulia. Kwenye Fruity Delay 3 chagua mtindo wa pingpong, muda stepu 3 kama unataka mdundo wa kucheza pembeni ya biti, au stepu 4 kama unataka itembee sawa na kiki. Fidibeki asilimia 25 hadi 35, filta ikate chini ya Hz 300 na juu ya Hz 3,500. Dilei yenyewe nayo ipelekee PLATI kidogo, ili marudio yasikae makavu kwenye wimbo ambao kila mtu ana chumba.

Usiiache wazi muda wote. Ikijibu kila neno inamfuata mwimbaji nyuma nyuma na kuingilia maneno yake. Kuna njia mbili za kuidhibiti.

Ya kwanza ni kuirusha kwa mkono. Bonyeza kulia kwenye kanobu ka sendi ya DILEI, tengeneza klipu ya otomesheni (mstari unaosogeza kanobu kwa niaba yako), iache sifuri wimbo mzima, halafu ipandishe kwenye neno la mwisho tu la mstari na uishushe mara neno linapoisha. Chagua maneno machache, sio kila mstari. Kwenye beti labda mwisho wa mstari wa pili na wa nne, kabla ya korasi lile neno la kuingilia, na mwisho wa wimbo. Inachukua muda lakini inalipa kuliko kitu chochote kwenye mwongozo huu, ukisikiliza pop ya zamani kwa makini utakuta dilei inatokea pale palipo na nafasi na sio kwingine.

Ya pili ni saidicheni: kompresa kwenye traki ya DILEI baada ya dilei yenyewe, uiambie isikilize voko kavu. Mwimbaji akiimba dilei inashuka, akinyamaza inapanda. Ni nzuri kwa korasi ambako huwezi kuchora otomesheni kila mahali.

Umefanikiwa kama: ukiziba dilei korasi inabaki na mashimo kati ya mistari, na ukiifungua mashimo yanajaa bila kuziba neno hata moja.

## Hatua ya 7: Snea inayokatwa

Snea ile ya "PAAA!" halafu kimya. Ilizaliwa studio ya Townhouse, London, Phil Collins akiwa kwenye ngoma na Hugh Padgham kwenye mitambo, wakirekodi albamu ya Peter Gabriel iliyotoka 1980. Maiki ya mawasiliano ya chumbani ilikuwa na kompresa kali mno, wakaipitisha kwenye geti (kifaa kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango), mlio ukawa mkubwa kisha unakatika ghafla.

Unaweza kuweka geti baada ya rivebu, ila kwenye snea za kompyuta naona njia ya mkasi ni ya uhakika zaidi:

1. Snea moja peke yake, ipeleke kwenye rivebu ya ukumbi mkubwa, dikei sekunde 3, pridilei sifuri. Hapa pridilei hatuitaki kwa sababu tunataka mlio uwe mmoja.
2. Baada ya rivebu weka kompresa kali, uwiano 10 kwa 1, mpaka mkia usimame juu badala ya kushuka.
3. Rekodi rivebu peke yake kuwa odio, kwenye Edison (kirekodi cha ndani ya FL) au kwa kurenda (kutoa faili ya sauti).
4. Ikate kwenye stepu 2, yaani milisekunde 268 kwa wimbo wetu. Weka kifedi (kushuka kwa sauti taratibu) kifupi mwishoni ili isilete mlio wa kukatika.
5. Iweke chini ya kila snea kavu kama sampuli ya pili, na kiwango chake kipande taratibu.

Onyo: snea zako zote zisifanane nguvu. Zile ndogo za kupamba ziache kavu, ukizipa na zenyewe huo ukubwa wimbo unakuwa ugomvi.

Umefanikiwa kama: snea inajaza nafasi yake na kabla pigo linalofuata halijafika kimya kimesharudi.

## Hatua ya 8: Vyombo vingine

Hapa ni haraka. Kiki na besi, hakuna rivebu, kabisa. Haihati, plati kwa mbali sana au hakuna. Kinanda cha kodi kipe korasi kwanza (plagini ya kutanua sauti, sio korasi ya wimbo), TAL-Chorus-LX ni ya bure na inafuata ile ya Juno-60, kinanda cha zamani cha Roland, ndipo kiende UKUMBI. Gitaa la kukatakata lipe slapu ile ile ya voko na plati kidogo. Waitikiaji wapeleke PLATI zaidi kuliko mwimbaji mkuu, wakae nyuma yake kwenye chumba kile kile.

UKUMBI uwe na dikei ndefu, sekunde 3 hadi 3.5, lakini wanaoingia humo ni wachache: kinanda cha kutanda na labda sauti moja ya mbali kwenye daraja la wimbo. Kama kuna zaidi ya vitu vitatu humo, toa.

## Hatua ya 9: Pima nje ya hedifoni

Hedifoni inaficha mengi. Kila kitu kiko ndani ya sikio kwa hiyo unaona nafasi ambayo kwenye spika haipo, na mara nyingi rivebu iliyokaa vizuri kwenye hedifoni inasikika ndogo kwenye sabufa na kubwa kwenye gari.

Kwanza badilisha masta iwe mono. Dilei ya kushoto na kulia zitakutana katikati, na kama voko imezama au kinanda kimepotea, punguza upana wa korasi na wa rivebu mpaka kirudi. Usiseme nani anasikiliza mono. Spika nyingi za bluetooth ni moja tu, baa nyingi huku zina spika moja kaunta na nyingine imekufa, na wimbo wako utapigwa humo.

Pili shusha sauti mpaka iwe ya chini kabisa, ya kusikia mazungumzo ya jirani. Kama bado unasikia mkia wa rivebu kwa uwazi kuliko maneno, rivebu imezidi.

Tatu nenda nao kwenye simu uusikilize ukiwa kwenye daladala ya Sakina au Tengeru, injini inaunguruma na konda anaita abiria. Humo plati yote itamezwa, na kitakachobaki ni slapu. Kama voko bado ina mwili, slapu yako iko sawa. Kama imekonda, rudi hatua ya 4 uongeze desibeli moja au mbili, usiguse plati.

Nne linganisha na ule wimbo wa mwanzo, asubuhi, sikio likiwa halijasikiliza kitu. Sikiliza mikia tu: wa kwao unaisha wapi, wa kwako unaisha wapi.

## Hatua ya 10: Kutoa faili

Ukifika kwenye dirisha la kurenda la FL, sehemu ya mkia chagua Leave remainder. Ukiacha Cut remainder wimbo unakatwa pale paterni inapoishia na neno lako la mwisho, lile ulilolirushia dilei kwa makini, linakufa katikati. Toa WAV ya biti 24 (24-bit), na toa nakala ya pili ukiwa umezima sendi zote nne, uitunze. Siku ukimpelekea mtu mwingine akufanyie miksi au masta, atakuomba hiyo kavu kabla ya kuomba kitu kingine.